Mjomba Navigeta na Geti la Maua

Mjomba wangu wa Kibokoni, Mombasa, anaamini kabisa kwamba Safari Rally iliisha 2002. Hii ya Naivasha kwake ni maonyesho tu. Atakwambia Safari ya kwao ilikuwa zaidi ya kilomita elfu moja za mashindano, barabara iko wazi, matatu inakuja mbele, ng'ombe wanavuka wakijisikia, helikopta iko juu inamwonya dereva kuna punda kwenye kona, na gari yenyewe ina snokeli ya kupitia mtoni na mavyuma mbele. Ile ndiyo rally. Hii iliyorudi 2021 ni kilomita mia tatu na kitu, njia zimefungwa, watu wamekaa kwenye viti vya plastiki wanakula nyama choma. Lakini ikikaribia tu, wa kwanza kupiga simu ni nani? "Mpwa, twaondoka lini?"

Basi 2023 tukaenda. Mimi dereva, Probox ya kuazima, Mjomba kiti cha mbele, binamu yangu nyuma na simu na pawabenki na hasira zake. Binamu ni mtu wa Hyundai na tangu 2021 hajapona. Mnakumbuka Neuville, dereva wao, Jumapili ile, anaongoza kwa karibu dakika nzima, asubuhi steji ya Loldia, yaani kile kipande cha njia wanachopimwa muda, safpensheni ya nyuma ikamfia, gari ikalala hapo, Ogier wa Toyota akapita akachukua kikombe na Katsuta akawa wa pili. Binamu anaizungumzia ile safpensheni kama mtu aliyedhulumiwa shamba la urithi. Mimi ni wa Toyota, si kwa mapenzi, ni kwa sababu Probox ni Toyota na sitaki kuiudhi tukiwa mbali na fundi.

Kutoka Nairobi mpaka Naivasha ni "kama", "kama", "kama" tu. Binamu: kama Neuville angeshinda ile ya 2021, Toyota wangeingiwa na hofu, 2022 wasingejipanga wale wanne, Rovanperä, Evans, Katsuta na Ogier, wa kwanza mpaka wa nne kama wanapanga foleni benki. Mjomba: kama Shekhar Mehta angekuwa hai apewe Yaris ya leo, hawa watoto wangesoma namba, mtu ameshinda mara tano, 1973 halafu 1979 mpaka 1982 mfululizo. Binamu akakosea adabu akasema lakini Mjomba, ile ya 1973 si walilingana pointi na Harry Källström? Mtihani huo. Mjomba akageuka mzima mzima kwenye kiti mpaka mkanda ukamkaba. "Walilingana ndiyo, lakini Mehta ndiye aliyekwenda mbali zaidi bila kukatwa hata pointi moja, sheria ndiyo iliyompa, wewe ulikuwa wapi 1973?" Binamu amezaliwa 1998.

Sasa shida ya Jumapili ya Safari ni hii. Steji ya mwisho, pawa steji, iko Hell's Gate, na dunia nzima inataka kwenda Hell's Gate. Barabara ni ile moja ya kusini mwa ziwa, Moi South Lake, huku ziwa na mahoteli, huku mashamba ya maua, na jam yake asubuhi hiyo ukiingia unaweza kusoma digrii ukamaliza. Mjomba akasema yeye ana dawa. Jumamosi jioni badala ya kupumzika akakodi bodaboda, akazunguka nayo huko ndani ndani kwenye vumbi, akarudi mweupe mpaka kwenye nyusi, mkononi ana daftari la shule lile lenye jedwali la kuzidisha nyuma. Amefanya reki! Kama wenyewe wanavyofanya, dereva anapita njia polepole kabla ya mashindano anataja kona na navigeta anaandika, halafu siku ya kukimbia navigeta anasoma na dereva anaamini masikio kuliko macho. Tofauti ni kwamba hapa dereva, yaani mimi, nilikuwa nimelala.

"Kesho wewe ni Ogier, mimi ni Vincent Landais, navigeta wake," akaniambia. "Unachoambiwa ndicho unachofanya, hakuna kuuliza."

Noti zenyewe, namba ndiyo ukali wa kona, subhanallah. "Kulia nne, ndefu, inafunga kwenye mnazi." Naivasha hakuna mnazi. Kumbe kwa Mjomba mti wowote uliomzidi urefu ni mnazi, migunga yote ya bonde la ufa siku hiyo ilikuwa minazi. "Kushoto mbili, mbwa." Nikamuuliza Mjomba, huyu mbwa kesho atakuwa pale pale? Akanitazama kama nimemtukania wazazi.

Alfajiri tukatoka. Mjomba ana daftari kwenye mapaja na katikati ya miguu ana ndoo ya mahamri aliyotoka nayo Mombasa, ile ndoo nyeupe ya rangi iliyooshwa, ya mke wake, amenyooshewa kidole kabla ya kuondoka kwamba irudi. Mlangoni tulishabandika namba moja kubwa nyekundu, pale njiani zinauzwa. Na kusema kweli mwanzo mambo yalinyooka, kulia tatu tukaiona, mnazi tukauona, mbwa alikuwepo wallahi, amelala pale pale, Mjomba akamnyooshea kidole bila kusema neno na mimi nikanyamaza.

Halafu binamu huko nyuma akafungua simu akaanza matangazo, mtangazaji akataja safpensheni, yakaanza tena. Kama Neuville. Kama Mehta. Mjomba anabishana mdomo umejaa hamri, mkono mmoja unahesabu ushindi na mwingine unafungua daftari, na ule mkono unaofungua ndio ulikuwa ndani ya ndoo. Mahamri yana mafuta jamani. Karatasi ya tano na ya sita zilishikana pale chini kwenye pembe, alama ya dole gumba imepenya upande wa pili unaona mwanga, akazifunua pamoja kama karatasi moja. "Kulia mbili! Geti! Usipunguze!"

Nilikata kulia. Kweli geti lilikuwepo, kubwa, la chuma, na soja wa usiku amesimama na kabuti lake. Akaiona Probox, akamwona mzee mwenye kofia na ndoo ya mahamri, akaona hiki ni chai ya wafanyakazi imekuja. Akachukua mawili, akafungua geti, akatupigia saluti. Mjomba akairudisha.

"Moja kwa moja, mia mbili," anasoma. Mbele ni grinihausi. Kushoto grinihausi, kulia grinihausi, mabati hakuna, ni plastiki nyeupe mpaka macho yanachoka, na katikati njia nyembamba. Nikasema Mjomba hapa si porini. Akasema endelea, nimeandika mnazi. Binamu akasema mnazi gani, haya ni mawaridi! Na hapo ndipo tukafika mahali walipofungulia maji usiku, Probox ikasema puuu, ikakaa kitako.

Wakatoka wafanyakazi, gambuti na makoti, wameiona namba moja mlangoni. Mama mmoja akauliza, "Nyinyi ndio rally?" Binamu, mshenzi yule, akajibu ndiyo. Wakatusukuma kwa nguvu na kwa furaha, mmoja akajipiga picha na Mjomba, na tope likaruka likatua lote kwa aliyekuwa anasukuma nyuma kabisa, yaani binamu, mtu wa Hyundai anasukuma Toyota. Sikucheka. Nilikohoa.

Tukarudi getini zamu imebadilika. Soja wa asubuhi ni mzee makini sana, ana miwani, ana kitabu kikubwa chenye mistari, ana kalamu imefungwa uzi. Akapitisha kidole ukurasa mzima juu mpaka chini. Akarudia.

"Hii gari haiko kwa kitabu."

"Lakini si unaiona hii hapa," nikamwambia.

"Naiona. Lakini haijaingia. Gari ambayo haijaingia siwezi kuitoa, nitaandika nini?"

Mjomba akashuka. "Bwana, kama hatujaingia basi sisi hatupo. Tufungulie twende."

"Kama hamko, mnataka kutoka wapi?"

Mjomba, mtu aliyebishana na Kibokoni nzima miaka hamsini, hapo alikosa jibu. Nilimwona anafungua mdomo na kuufunga. Yule wa usiku simu imezimwa, amelala. Msimamizi mwenye ruhusa naye eti yuko wapi? Ameenda Hell's Gate kutazama rally. Huyo amepita barabara kuu, na jam yake yote, na amefika.

Basi tukakaa. Saa zikaenda. Soja akatupa benchi, sisi tukatoa mahamri, binamu akaiegemeza simu kwenye kile kitabu na tukatazama kutoka kwenye kibanda cha geti, kilomita chache kutoka mahali penyewe. Uchungu mkubwa ulikuwa helikopta. Mchana pawa steji imeanza, helikopta ya kamera inanguruma juu ya kichwa chetu, ukitazama angani unaiona, ukitazama simu bado dereva anafunga mkanda. Tunaisikia inapita, tunasubiri, halafu ndio inapita kwenye simu. Soja akauliza, "Sasa hii ni ile ya juu ama ni nyingine?" Hakuna aliyeweza kumjibu kwa uhakika.

Na pawa steji yenyewe si mchezo, kilomita kumi na nusu tu lakini watano bora wanapata pointi za ziada, tano mpaka moja, halafu Ogier anaongoza na Rovanperä anamkaribia. Tukasimama wote wanne. Mtandao ukaganda. Ogier amesimama hewani juu ya tuta, gurudumu la mbele halijagusa chini. Kimya. Mjomba anasoma dua. Uliporudi watu wanapeana mikono, Ogier amechukua kwa sekunde 6.7, na Toyota wa kwanza mpaka wa nne tena. Binamu akaenda kuongea na mawaridi.

Sasa soja alivyoona mambo hayo akalainika, akavua miwani. Akasema nyinyi vijana mnataja Ogier, Ogier, kuna mtu anamkumbuka Patrick Njiru? Mjomba akashtuka utadhani ameitwa jina. Soja akaendelea: 1993 Subaru walileta vigari vidogo, Vivio, kimoja akapewa Colin McRae mwenyewe, kikamfia njiani, Njiru na kile chake akafika mpaka mwisho. "Sasa kama McRae hakuweza kukifikisha na Njiru alikifikisha, kama Njiru ndiye angepewa gari kubwa na pesa zile zote, leo tungekuwa tunaongea nini?"

"Ndugu yangu," Mjomba akasema, na akamsogezea ndoo nzima.

Kuanzia hapo ikawa wazee wawili na ndoo moja, sisi tumesahaulika. Na ni urafiki huo uliotutoa, maana soja mwenyewe ndiye aliyepata njia: "Kwani shida ni kwamba hamjaingia? Si muingie." Akafungua geti, nikatoa Probox nje, akafunga, akaniambia piga honi. Nikapiga honi. Akafungua. Nikaingia. Akaandika saa, namba ya gari, watu watatu, ndoo moja. Sababu ya ziara? Mjomba akavimba kifua: "Andika, ukaguzi wa njia." Akaandika. Nikageuza gari, nikatoka, akaandika nimetoka.

Baadaye tuko kwenye jam ya kurudi, ambayo hiyo haikuwa na noti wala njia ya panya, binamu akasoma kwenye simu kwa sauti ya mgonjwa: Neuville ameondolewa kwenye matokeo, wamevunja kanuni za reki, za ukaguzi wa njia. Mjomba akakaa sawa kwenye kiti. "Ehee! Timu nzima ya kiwanda, mamilioni, reki imewashinda. Na nyinyi tangu asubuhi mwaninunia mimi kwa karatasi moja."

Simu yake ikalia. Ni mke wake. Tuliisikia ile sauti mpaka kiti cha nyuma, swali fupi tu, ndoo yangu iko wapi. Mjomba akatazama katikati ya miguu. Akanitazama mimi.

Kwenye kile kitabu ndoo imeandikwa imeingia. Kutoka, haijaandikwa.