Mwimbaji wa Roki Akishika Mashine za Dijei

Mwanza ni Jiji la Miamba, lakini ukitafuta bendi ya roki kuanzia Igoma hadi Capri Point utachoka miguu. Baa zinataka bongo fleva, amapiano na singeli. Halafu kuna hesabu ya mwenye ukumbi: bendi ya watu sita inadai jukwaa, dramu, maiki kadhaa na fundi mitambo, wakati dijei anashuka kwenye bodaboda na begi moja. Mwimbaji wa bendi akianza kushika mashine, wenzake husema kafuata hela. Wamekosea nusu tu.

Uingereza wameshayapitia haya. Ian Curtis, mwimbaji wa bendi ya roki ya Joy Division, alipofariki mwaka 1980, wenzake waliobaki waliunda New Order na kuchanganya gita na mashine za midundo. Yaani bendi nzima ilihama pamoja. Kele Okereke, mwimbaji wa bendi ya roki ya Bloc Party, alihama peke yake: mwaka 2010 alitoa albamu ya The Boxer, yenye muziki wa kielektroniki wa kuchezeka, na akawa anapiga kama dijei pia. Bendi yake haikufa, 2012 ilitoa albamu nyingine. Kwa hiyo hoja kwamba udijei unaua bendi haina mashiko sana. Hoja nzito ni nyingine: mwimbaji anadhani mtaji wake ni sauti, na mashine zinamwumbua hapohapo kwenye sauti.

Chukua wimbo wa mapigo 120 kwa dakika, uliorekodiwa kwenye kii ya A (kii ni noti ambayo wimbo umejengwa juu yake). Ukiupandisha hadi 127 umeongeza karibu asilimia 6, na hiyo ni nusu toni, yaani hatua moja ya kinanda. Kama kitufe cha kushikilia kii hakijawashwa, muziki umeshahama wakati koo lako bado liko kwenye A uliyoizoea mazoezini. Watu watasema sauti imekwisha. Ukikiwasha, kii inabaki, ila ukizidisha sana kasi dramu zinaanza kusikika kama zinapigwa ndani ya maji. Singeli, ambayo hupita mapigo 200, haifikiwi kwa kuvuta hivyo. Njia ni nusu kwa nusu: wimbo wa 105 unalala vizuri juu ya singeli ya 210.

Tatizo la pili ni rekodi za bendi yenyewe. Mpiga dramu aliyerekodi bila klik, ile milio ya masikioni inayoshikilia kasi, anatembea: mara mapigo 118 kwa dakika, mara 123. Kompyuta inadhani mapigo hayabadiliki, hivyo ukibonyeza kitufe cha kulinganisha kasi, ndani ya dakika moja nyimbo mbili zinakanyagana. Weka alama za mapigo kwa mkono kila baada ya baa 8 (baa hapa ni fungu la mapigo manne), au kata baa 4 zilizonyooka uzizungushe na kuziwekea mdundo mpya chini. Kazi ya jioni nzima kwa wimbo mmoja, na wengi hawaifanyi.

Maiki nayo usiipitishe kwenye laptopu. Bafa, yaani foleni ya sauti ndani ya kompyuta, ikiwa ya sampuli 512 kwenye 44,100 kwa sekunde, inachelewesha sauti karibu milisekunde 12 kuingia, na inachelewa tena kutoka, ndipo unajisikia ukiimba nyuma ya mdundo. Chomeka moja kwa moja kwenye miksa ya ukumbi, punguza besi ya maiki chini ya hezi 100, na usiielekeze kwenye spika ya kujisikilizia, itapiga yowe. (Ufukweni ongeza kitambaa cha kufunika mashine: vijidudu vya ziwani hufuata taa, vikiingia kwenye vitelezi vya kupandisha na kushusha sauti, sauti inakwaruza.)

Kwenye hela, upande wa bendi una haki zaidi ya inavyodhaniwa. Kazi ya laki tano ikigawanywa kwa sita ni kama elfu 83 kila mmoja, nauli bado. Dijei anaibeba yote, lakini Ijumaa na Jumamosi anazochukua ndizo siku za kazi za bendi, na bila mwimbaji watano waliobaki hawana cha kuuza. Kwangu mimi, mwimbaji ahame, ila jukwaani aimbe nyimbo tatu au nne tu, maana kuimba na kuchanganya usiku kucha kunaharibu vyote viwili.

Na vile vipande vya baa 4 si mali yake peke yake. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inawatambua pia waliopiga. Aandikishane na mpiga besi na mpiga dramu kabla fleshi haijatoka nyumbani.