Masega Yameondoka, Maneno Yamebaki

Ukiwa na gari kuukuu la milimani, Land Cruiser au Surf ya petroli ya miaka ya tisini, Kampala nzima inajifanya fundi wako. Mtu wa boda nyuma yako kwenye jemu ya Wandegeya anakohoa makusudi, kisha anagonga kioo: "Ssebo, gari inanuka!" Kondakta wa taksi naye hakubali kupitwa: "Ametoa masega huyo, ndiyo maana inakunywa mafuta."

Haya, masega, yaani lile kasha la kauri yenye vitundu kwenye bomba la ekzosi linalosafisha moshi, hayapo. Mengine hutolewa gari likiwa bado halijafika mpakani Malaba. Mengine huibiwa kwa ajili ya madini ghali yaliyomo: platini, paladi na rodi. Mengine hujifia yenyewe: plagi moja isipowaka, petroli mbichi inakwenda kuwakia mle ndani, kauri inayeyuka na kuziba njia. Au umevuka mto yakiwa ya moto, yakapasuka. Ligonge kasha likiwa limepoa. Likilia kama kayamba, yamekwisha, usimsumbue mganga.

Lakini kunywa mafuta? Hapo nakataa. Masega hayapangi petroli. Mpangaji ni kompyuta ya injini, nayo inategemea sensa ya oksijeni iliyo mbele ya masega, upande wa injini. Shabaha yake ni kilo 14.7 za hewa kwa kilo 1 ya petroli. Sasa fundi anakata bomba kutoa masega, anang'oa na sensa, anaitupa kwenye debe la vyuma chakavu: "Hii haina kazi, bosi." Haina kazi! Kompyuta ikiikosa inabaki kukisia, na ikikisia humimina.

Afadhali huyo, maana kosa lake linaonekana. Mbaya ni yule anayerudisha sensa halafu anafunga bomba kwa gasketi iliyochanika. Moshi hutoka kwa mapigo, na kati ya pigo na pigo bomba linavuta hewa ya nje kupitia ule ufa. Sensa inanusa oksijeni, inapiga ripoti kwamba petroli ni kidogo, kompyuta inaongeza. Tangi linakauka, plagi zinakuwa nyeusi tii, lawama zinapelekwa kwa masega ambayo hayako hata kujitetea.

Kuupata huo ufa ni rahisi. Washa injini ikiwa baridi kabisa. Mtu mmoja azibe mdomo wa ekzosi kwa tambara zito sekunde chache tu, mwingine asikilize kuanzia kwenye manifoldi, pale ekzosi inapoungana na injini, kushuka chini. Pakisikika chaf-chaf, ndipo hapo. Kwenye maungio, povu la sabuni litakuonyesha. Usisubiri bomba lipate moto, utaacha ngozi ya kiganja pale.

Na bomba lenyewe la kuziba pengo la masega! Ukienda kwa mafundi wa vyuma Katwe bila kusema unachotaka, utaletewa bomba la maji lililopakwa zinki. Kataa. Zinki ikichomelewa hutoa moshi unaoweza kumlaza mchomeleaji na homa usiku huohuo. Taka bomba jeusi la chuma, unene milimita 1.5 hadi 2, kipenyo kilekile cha bomba la awali. Liwe na flanji za bolti pande zote mbili, ili siku nyingine lifunguliwe kwa spana badala ya msumeno. Waya hasi wa betri utolewe kabla ya kuchomelea. Wapo pia wanaochokoa masega na kurudisha kasha tupu: gari linaanza kulia debe, na vumbi la kauri limeishia kifuani mwa kijana asiye hata na barakoa.

Utani pembeni kidogo. Masega yalikuwa yanageuza sehemu kubwa ya monoksidi ya kaboni, ile gesi ya sumu. Sasa inatoka mbichi, na haina harufu. Gari lenyewe sakafu imeliwa na kutu, mpira wa gia umechanika. Halafu mtu anafungua kioo cha mlango wa nyuma, eti watoto wapate hewa! Gari lenye mgongo wima likienda, hewa ya nyuma yake inazunguka na kuingiza moshi ndani. Watoto wanalalamika kichwa, wanapewa dawa ya malaria. Funga kioo cha nyuma, fungua vya mbele, mdomo wa ekzosi upite bampa.

Wenye kabureta, inayochanganya petroli na hewa bila kompyuta, nao wasitafute mchawi. Kampala ni karibu mita 1,200, Kabale inakaribia 2,000. Hewa inapungua, petroli ni ileile, moshi mweusi lazima.

Ukiamua kurudisha masega, kwanza tibu plagi na ule moshi wa bluu; injini inayokula oili itayamaliza mapya pia. Ukipewa ya mtumba kwenye soko la vipuri la Kisekka, mulika tochi ndani. Mwanga ukipenya kwenye vitundu vidogo vidogo, endelea kupatana bei. Ukiona sura nzima ya muuzaji upande wa pili, msalimie, uende zako.