Kabla ya kumlaumu mkulima aliyeacha mtama

Kila mvua zinapokatika mapema, hoja ile ile hurudi redioni na mitandaoni: mahindi si chakula chetu, yaliletwa na wageni, turudi kwenye mtama, uwele na ulezi walivyokula babu zetu. Umoja wa Mataifa ulipoufanya 2023 kuwa mwaka wa kimataifa wa nafaka za jamii ya uwele na ulezi, hoja hiyo ikapata nguvu mpya. Ina ukweli mwingi. Ila imebeba lawama inayomwangukia mtu asiyestahili, kana kwamba mkulima aliuacha mtama kwa kurubuniwa, kwa uvivu, au kwa kutamani ugali mweupe wa mjini.

Historia yenyewe haina ubishi mkubwa. Mahindi asili yake ni Mexico, na Wareno ndio wanaotajwa kuyafikisha pwani yetu katika karne ya 16. Kwa muda mrefu yalikuwa zao la pembeni, la kuchoma na kuchemsha. Karne ya 20 ndiyo iliyoyapandisha hadi kwenye sufuria ya kila siku. Wapagazi waliobebeshwa mizigo ya jeshi la Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia walilishwa unga wa mahindi. Manamba wa mashamba ya mkonge walipimiwa posho hiyo hiyo. Kenya, walowezi walipanda mahindi meupe ya mbegu zilizotoka Afrika Kusini, reli ikawasafirishia, na mwaka 1942 serikali ya kikoloni ikaanzisha udhibiti wa soko uliowahakikishia bei. Anayesema ukoloni una mkono katika sinia letu hajakosea.

Lakini posho ya manamba haielezi kwa nini mtu mwenye shamba lake na jembe lake, asiye na nyapara, alipanda mahindi mwenyewe na akaendelea kuyapanda baada ya uhuru. Mbegu chotara ya H611 ilipotolewa Kitale mwaka 1964, wakulima wadogo wa magharibi mwa Kenya waliipokea kwa kasi iliyowashangaza hata wataalamu. Watu hawa walikuwa wanapiga hesabu, na jibu lake kubwa liko angani.

Aliyewahi kulima uwele Ugogo au mtama Singida hahitaji kuelezwa kwelea kwelea ni nini. Ndege mmoja ni mdogo wa kutoshea kiganjani, na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa linakadiria kwamba anakula gramu 10 hivi za nafaka kwa siku. Ni kiasi cha kudharau. Sasa zidisha. Kundi la ndege milioni 2, na yapo makubwa kuliko hilo, linaweza kumaliza tani 20 kwa siku moja, yaani gunia 200 za kilo mia mia. Tuseme ekari ya mtama wa mkulima mdogo inatoa gunia 4 msimu ukiwa wa kawaida: hizo ni ekari 50 kati ya macheo na machweo. Ni kweli kundi halitui shamba moja tu, na ndege hawa huanza na mbegu za nyasi pori kabla ya kugeukia mazao. Ila nyasi zikiisha wanakuja, na wanakuja punje ikiwa bado ina maziwa, wiki chache kabla ya kuvuna, wakati jasho lote limeshamwagika.

Masuke ya mtama na uwele yako wazi, na punje zake zinaingia mdomoni mwa kwelea kwelea bila shida. Gunzi la mahindi limefungwa ndani ya maganda, na punje yake ni kubwa mno kwake. Nyani na ngedere huyaharibu mahindi, hilo linajulikana, lakini nyani hawaji kwa milioni.

Ndiyo maana shamba la mtama lilihitaji watu wa kuamia, yaani kufukuza ndege. Dungu, jukwaa la mlinzi, lilijengwa katikati, na mtu akapanda juu yake kabla jua halijachomoza, na kombeo, madongo ya udongo na kamba zilizofungwa makopo. Akikaa kimya kidogo upande mmoja, ndege wameshashuka upande wa pili. Kazi hiyo huendelea kutwa, wiki baada ya wiki, mpaka nafaka ikauke. Na mara nyingi aliyekaa juu ya dungu alikuwa mtoto.

Hapa ndipo ninapowaomba wanaotuhimiza turudi kwa babu watulie kidogo. Tanzania ilianza kutekeleza elimu ya msingi kwa wote mwaka 1977. Kenya ilifuta karo za shule za msingi mwaka 2003. Mtoto aliposhuka kwenye dungu akaenda darasani, nani alipanda badala yake? Mama, ambaye tayari ana maji, kuni na jiko? Kijana aliyeondoka kutafuta kibarua mjini? Kaya nyingi zilichagua zao lisilohitaji mlinzi wa ndege, na mtoto akabaki shuleni. Mimi naona huo ni uamuzi wa heshima kabisa, na sijasikia ukitajwa hata mara moja katika hotuba za kuusifu mtama.

Kuna mtama ambao ndege huukwepa kwa kiasi, ule mwekundu wenye uchungu. Uchungu unaomfukuza ndege ndio anaoulalamikia mlaji, na kuupunguza ni kazi ya kinu: kulowesha, kutwanga kumbi litoke, kupeta, kuanika, ndipo kusaga. Mahindi unayabeba kichwani hadi mashineni na kurudi na dona jioni hiyo hiyo. Tena yakiwa bado mabichi yanaokoa nyumba kwenye miezi ya njaa, ghala likiwa tupu.

Upande wa pili una hoja mbili nzito. Ya kwanza ni sumukuvu, sumu ya ukungu unaoota kwenye nafaka, ingawa haitokei kwenye mahindi peke yake. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, watu 317 waliugua baada ya kula mahindi yaliyoota ukungu, na 125 wakafa. Mwaka 2016 msiba wa aina hiyo ulifika Dodoma na Manyara. Ya pili ni lishe. Sembe iliyokobolewa imepoteza sehemu kubwa ya vitamini na nyuzinyuzi zake, ilhali ulezi una zaidi ya miligramu 300 za kalisi katika gramu 100, kiasi ambacho mahindi hayakisogelei. Na kwenye nchi kame kama Dodoma, kupanda mahindi kila mwaka ni kucheza kamari na chakula cha watoto. Huko uwele unastahili kurudi, nakubali bila kusita.

Swali ni nani atalipia kurudi huko. Kenya, wakulima wa mtama walipata soko zuri kwa kuuza kwa watengenezaji wa bia. Mwaka 2013 serikali ikaiwekea bia hiyo ushuru, mauzo yakaporomoka, na wakulima wakabaki na magunia. Ukimwambia mkulima wa namna hiyo leo apande mtama kwa ajili ya utamaduni, atakuuliza nani ananunua. Atauliza pia kama ndege ya kunyunyizia dawa itafika kabla ya kwelea kwelea au baada yao, na kama mashine ya kukoboa mtama itafungwa kijijini kwake au itaishia makao makuu ya wilaya. Mpaka sasa majibu anayopewa ni kwamba babu yake aliula.