Je, jaribio la fizikia linaweza kutufanya tubadili mantiki?

Mwaka 1922, mjini Frankfurt, Otto Stern na Walther Gerlach walipitisha atomi za fedha katikati ya sumaku ambayo nguvu yake haikuwa sawa kila mahali. Kwa fizikia iliyozoeleka, atomi hizo zilipaswa kutapakaa kwenye kioo zikafanya doa moja refu. Badala yake ziligawanyika makundi mawili: nyingine zilipanda, nyingine zilishuka, na katikati pakabaki patupu. Miaka michache baadaye ilieleweka kwamba kilichopimwa pale ni spini ya elektroni, yaani sifa yake ya asili inayoifanya iwe kama sumaku ndogo. Ukiipima sifa hiyo kwa upande wowote utakaouchagua, inatoa jibu moja kati ya mawili tu, na halipo jibu la katikati.

Jaribio la aina hii ndilo lililozaa swali ambalo wanafalsafa na wanafizikia wamelibishania kwa miongo mingi: je, mantiki yenyewe, yaani kanuni tunazozitumia kutoka kwenye kauli moja hadi nyingine, inaweza kupingwa na maumbile? Tumezoea kwamba nadharia hupingwa na vipimo. Lakini kwamba kipimo kinaweza kuipinga kanuni ya kufikiri ni dai la uzito mwingine kabisa.

Tuchukue elektroni ambazo tumeshazipima kwa mlalo, na tukazichagua zile tu ambazo spini yake ni ya kulia. Tuiite kauli hiyo P. Sasa fikiria kupima spini kwa wima. Jibu litakuwa juu (Q) au chini (R), hakuna la tatu. Basi inaonekana ni halali kusema: P, na pia Q au R. Mantiki ya kawaida ina kanuni inayoitwa ya mtawanyo: ukikubali "P na (Q au R)", huna budi kukubali "(P na Q) au (P na R)". Hakuna kanuni inayoonekana kuwa na hatia ndogo kuliko hii. Hata hivyo, nadharia ya kwanta, yaani fizikia ya vitu vidogo kama atomi na elektroni, haina hali yoyote ambamo elektroni ina spini ya kulia na papo hapo ya juu. Haina pia hali ya kulia na ya chini. Tumeanza na kauli inayoonekana kweli, tukafuata kanuni isiyotiliwa shaka, tukafika kwenye kauli mbili ambazo nadharia inazikataa zote.

Mwaka 1936 wanahisabati Garrett Birkhoff na John von Neumann waliandika makala wakionyesha kwamba jambo hili si ajali ya mfano mmoja. Katika hisabati ya kwanta, kila sifa ya mfumo inalingana na mstari, bapa au nafasi nyingine iliyo ndani ya nafasi kubwa ya kihisabati iitwayo nafasi ya Hilbert, ambamo kila hali ya mfumo ni mwelekeo. "Na" inakuwa sehemu ambamo nafasi mbili zinakutana. "Si" inakuwa nafasi iliyo wima kwa ile ya kwanza. "Au" inakuwa nafasi ndogo kuliko zote inayozibeba zote mbili. Mistari miwili inayokatana inabebwa na bapa zima, na ndani ya bapa hilo kuna mistari mingine isiyohesabika ambayo haimo katika wa kwanza wala wa pili. Hapo ndipo mtawanyo unapovunjika. Kauli "juu au chini" inajaza bapa zima, na mstari wa "kulia" umo ndani ya bapa bila kugusana na mstari wa "juu" wala wa "chini", isipokuwa pale kwenye kitovu.

Hadi hapa tuna hisabati tu, na haina mgogoro. Mgogoro ulianza alipokuja mwanafalsafa Hilary Putnam mwaka 1968 akasema kwamba huu ndio mfumo wa mantiki ya kweli ya ulimwengu, na kwamba ile tuliyoirithi kutoka kwa Aristotle ni ukadiriaji unaofaa kwa vitu vikubwa.

Hoja yake ilisimama juu ya mfano wa jiometria, na mfano huo unastahili heshima. Kwa zaidi ya miaka elfu mbili, jiometria ya Euclid ilionekana kuwa elimu isiyoweza kukanushwa na uzoefu wowote. Mwanafalsafa Kant aliifanya kuwa sharti la uzoefu wenyewe. Kisha wakaja wanahisabati Lobachevsky na Riemann wakaonyesha kwamba jiometria nyingine zinawezekana bila kujipinga, na mwaka 1915 Einstein akaichukua mojawapo akaieleza nayo mvutano. Tarehe 29 Mei 1919, wakati wa kupatwa kwa jua, wanaanga waliokuwa katika kisiwa cha Príncipe na mjini Sobral, Brazili, walipima jinsi mwanga wa nyota ulivyopinda karibu na jua. Kile ambacho Kant hakuweza hata kukiwaza kikawa sehemu ya fizikia ya kila siku. Putnam aliuliza: kama jiometria ilianguka hivi, mantiki ina kinga gani? Mwanafalsafa Willard Quine alikuwa ameshafungua mlango huo mwaka 1951 alipodai kwamba hakuna kauli iliyo salama dhidi ya marekebisho, na akataja mapendekezo ya kurekebisha mantiki kwa ajili ya kwanta kama kielelezo.

Wanaobeza upande huu kwa haraka huwa hawajaona faida iliyoahidiwa. Putnam hakutaka mantiki mpya kwa kupenda upya. Alitaka kuokoa wazo kwamba elektroni ina sifa zake kabla hatujaipima, na kwamba kipimo kinafichua kilichokuwapo tayari. Kwa mantiki ya zamani, wazo hilo linaingia matatani kila upande. Mwanafizikia John Bell alilionyesha hilo waziwazi mwaka 1964, na kiini cha hoja ya namna yake kinaweza kuelezwa kwa mistari michache. Chukua vitu vyenye sifa tatu zinazoweza kuwapo au kutokuwapo: A, B na C. Hesabu vile vyenye A visivyo na C. Kila kimojawapo ama kina B ama hakina. Kikiwa na B, kimo katika kundi la "B bila C". Kikiwa hakina, kimo katika kundi la "A bila B". Kwa hiyo idadi ya "A bila C" haiwezi kuzidi jumla ya makundi hayo mawili. Ni hesabu ambayo mtoto anaielewa. Elektroni zilizoumbwa kwa jozi, zikitenganishwa na kupimwa kila moja mahali pake, kwa nadharia ya kwanta zinaivunja. Vipimo vya aina hii, ambavyo vingi vilifanywa kwa chembe za mwanga, vimeithibitisha nadharia, na mwaka 2022 Alain Aspect, John Clauser na Anton Zeilinger walipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo.

Sasa itazame tena hatua ya katikati: "kila kimojawapo ama kina B ama hakina". Kuivunja "A bila C" vipande viwili, chenye B na kisicho na B, ni kanuni ya mtawanyo ileile. Ukiiondoa, hoja inakwama, na huhitaji tena kuchagua kati ya kukana kwamba sifa zilikuwapo kabla ya kipimo na kukubali athari zinazoruka kutoka chembe moja hadi nyingine iliyo mbali. Kwangu mimi, hapa ndipo hoja ya Putnam inapofikia nguvu yake yote: kanuni moja ya mantiki inatolewa, na fumbo kubwa kuliko yote ya fizikia linaonekana kufunguka.

Pingamizi la kwanza ambalo wengi hulitoa ni kwamba mwenye kubadili kanuni za "au" amebadili tu maana ya kiunganishi hicho, hivyo hakuna alichokirekebisha. Silikubali sana. Lingetumika hivyohivyo kumwambia Einstein kwamba hakubadili jiometria, alibadili tu maana ya mstari mnyoofu, na hakuna aliyeridhika na jibu hilo.

Pingamizi la mwanafalsafa Michael Dummett, alilolitoa mwaka 1976, ni zito zaidi kwa sababu linamkamata Putnam kwa lile analolitaka mwenyewe. Putnam anasema elektroni yenye spini ya kulia ina pia spini ya wima, ya juu au ya chini, na ni sifa halisi isiyongoja kupimwa. Vema. Basi iko mojawapo aliyonayo. Tuseme ni ya juu. Lakini kama ni ya kulia kweli na ni ya juu kweli, basi "kulia na juu" ni kweli, na hiyo ndiyo kauli aliyokwisha kuikana. Hali ni ileile tukisema ya chini. Mwenye kushikilia kwamba sifa zote zipo tayari anabanwa akubali mtawanyo, na mwenye kuukataa mtawanyo inambidi aeleze maana ya kusema kwamba "mojawapo ipo" huku hakuna hata moja inayoweza kutajwa bila kujipinga. Uhalisia, yaani wazo kwamba sifa zipo kabla ya kipimo, na mantiki mpya, ambavyo vilikuja kuokoana, vinakabana koo.

Mwanafalsafa Saul Kripke, katika mihadhara yake ya miaka ya 1970, alienda chini zaidi. Alihoji kama mantiki ni kitu cha kuchaguliwa kwanza na kufuatwa baadaye. Jiometria tuliibadili huku tukiendelea kufikiri kwa kanuni zilezile, na kwa kanuni hizo tulipima faida na hasara za mabadiliko. Ukitaka kubadili kanuni za kufikiri, utayapima mabadiliko kwa nini? Kinyozi hajinyoi. Ushahidi uko ndani ya kwanta yenyewe: nadharia zote zinazohusu nafasi ya Hilbert, zikiwamo zile zinazoonyesha kwamba mtawanyo unavunjika pale, zimethibitishwa kwa hisabati inayoutumia mtawanyo bila wasiwasi. Na matokeo ya maabara, yakishaandikwa, yanahesabiwa kwa hesabu ya kawaida. Bell anapolinganisha idadi, analinganisha milio ya vipokezi, yaani vifaa vinavyonasa chembe, iliyokwisha kutokea, na kwa milio hiyo kila mmoja anakubali kwamba ama ilikuwapo ama haikuwapo.

Naona hoja ya Kripke ni sahihi kwa marekebisho ya jumla, yanayotaka kung'oa kila kitu kwa mkupuo. Haifungi mlango kwa marekebisho ya sehemu. Mwanahisabati Brouwer, kuanzia mwaka 1908, alikataa kwamba kila kauli kuhusu mikusanyiko isiyo na mwisho lazima iwe kweli au si kweli, na wafuasi wake wamejenga hisabati nzima bila kanuni hiyo. Wanafikiri, wanabishana, wanathibitisha. Hawakuhitaji kusimama nje ya fikra ili waanze.

Kwa hiyo sikubaliani na wale wanaosema mantiki ya kwanta ilishindwa kwa sababu mantiki haiwezi kamwe kuguswa na maumbile. Ilishindwa kwa sababu nyingine, ya heshima zaidi: iliingia mashindanoni na haikuleta ilichoahidi. Washindani walikuwapo, wanafizikia waliotaka kulitatua fumbo lilelile. David Bohm mwaka 1952 alizipa chembe mahali halisi na akakubali kwamba zinaathiriana kutoka mbali. Hugh Everett mwaka 1957 aliacha matokeo yote ya kipimo yatokee, kila moja katika tawi lake la ulimwengu. Ghirardi, Rimini na Weber mwaka 1986 walibadili mlinganyo wenyewe wa kwanta ili mawimbi, ambayo kwayo nadharia huielezea chembe, yajikunje kwenye jibu moja bila kungoja mpimaji. Kila mmoja alilipa gharama kubwa, lakini kila mmoja alieleza ni nini kinachotokea pale atomi ya fedha inapogonga kioo, na alieleza kwa mantiki ya kawaida. Mantiki ya kwanta haikulieleza hilo. Ilituambia kwamba "juu au chini" ilikuwa kweli muda wote, kisha ikanyamaza tulipouliza jinsi mojawapo ilivyotokea. Putnam mwenyewe, miaka ya baadaye, aliiacha.

Na hapa watetezi wa mantiki ya zamani wana jambo la kutafakari. Kama mpinzani alishindwa kwa kupimwa matunda yake, basi kanuni ya mtawanyo imebaki pale ilipo kwa sababu ilifaulu. Sisemi kwamba ushahidi unaweza kuigeuza kanuni yoyote wakati wowote. Pendekezo lolote lijalo litalazimika kujibu maswali mawili ambayo Putnam hakuyajibu. Lionyeshe ni kanuni zipi linaziacha zilezile ili lenyewe liweze kutetewa kwazo, na lionyeshe mahali ambapo milio ya vipokezi, inayotii mantiki ya kawaida, inazaliwa kutoka kwenye elektroni zisizoitii. Kazi juu ya miundo ya Birkhoff na von Neumann inaendelea hadi leo kama hisabati ya vipimo na sifa, na ni kazi nzuri. Swali la pili kati ya hayo mawili bado halijajibiwa na yeyote anayetaka muundo huo uitwe mantiki.