Siri ya moto ule haikuwa kwenye chungu

Kila unapotajwa "moto wa Kigiriki", silaha ya Wabizanti (Warumi wa Mashariki) ya kurushia adui mafuta yanayowaka, mazungumzo huishia kwenye mapishi: ulichanganywa na nini? Mafuta ghafi, utomvu wa msonobari, kiberiti? Swali hilo limenichosha. Tunapekua chungu ilhali siri ilikuwa mikononi mwa fundi.

Watazame Wabulgaria. Mwaka 812 walipoteka miji ya Wabizanti ya Mesembria na Debeltos, walikuta mabomba 36 ya kurushia moto ule pamoja na shehena ya mafuta yake. Kila kitu wanacho, na bado hatusikii kwamba waliwahi kuutumia. Aliyewahi kupiga pampu jiko la mafuta ya taa atanielewa: usipolipasha vizuri linatema mafuta tu, ukizidisha unaunguza nyusi. Sasa liweke juu ya merikebu ya mbao, mawimbi yanaisukasuka na adui anakuja.

Mfalme wa Wabizanti, Konstantino wa Saba, karne ya 10, alimwagiza mwanawe awaambie wageni kwamba moto huo uliletwa na malaika. Malaika gani! Aliyeuleta ni Kallinikos, fundi mkimbizi kutoka Heliopolis ya Shamu (Syria), aliyekimbilia Konstantinopoli, mji mkuu wa Wabizanti, miaka ya 670.

Ninayempenda zaidi, hata hivyo, ni kijana mmoja mfua shaba wa Damasko. Mwaka 1190 Wapiganaji wa Msalaba, majeshi ya Wakristo wa Ulaya, waliouzingira mji wa Akka, pwani ya Palestina, uliokuwa mikononi mwa Waislamu, walisogeza ukutani minara mitatu ya mbao, imevikwa ngozi zilizoloweshwa siki isishike moto. Vyungu vya moto vya wataalamu wa jeshi la mji havikufua dafu. Kijana huyu watu walizoea kumsema kwa kuhangaika na vifaa vya moto, kazi isiyo yake, na hata Qaraqush, kamanda wa mji, alimkasirikia kwanza. Wakamwacha ajaribu. Akarusha vyungu vya mafuta bila kuviwasha. Juu ya mnara watu wakacheka, wakacheza. Mafuta yalipokwisha kuenea, akarusha chungu kinachowaka. Mnara ukateketea na waliokuwamo (hapo mimi huwa nafunga kitabu kidogo), kisha wa pili, kisha wa tatu.

Salahuddin, sultani wa Waislamu, akataka kumtunuku mali na ardhi. Akakataa, alisema amefanya kwa ajili ya Mungu.