Pilipili Usiyoila

Kwanza mjue tulivyokaa, maana bila hapo kisa hiki hakina kichwa wala miguu.

Mimi mtu wa Tanga, mke wangu Muganda wa Masaka. Kwa Waganda, mwanamume na mama mkwe wake hawapeani mkono, hawasogeleani, wala hawali pamoja. Anayevunja mwiko hupatwa na obuko. Obuko ni kutetemeka: mikono, magoti, mwili mzima, mpaka utafutiwe mwenye dawa zake. Mimi na elimu yangu nilikuwa nacheka, lakini kichinichini.

Basi Jumapili ile mama mkwe alikuwa amekuja Kampala, na mke wangu akaona tumpeleke akale kitu ambacho Masaka hakipo. Tukaenda mkahawa mmoja wa Kimeksiko upande wa Kisementi. Tukachukua meza mbili. Mama na binti yake dirishani, mimi na shemeji nyuma yao, migongo imeelekeana kama majirani waliogombania mpaka. Mazungumzo yote yalipitia kwa mke wangu, anageuka huku na huku hata nikahofia shingo yake.

Chakula kikaja. Maharage, mahindi yaliyosagwa yakafanywa vichapati vyembamba, na parachichi lililopondwa kwa kitunguu na ndimu. Kimya kidogo, kisha shingo ikageuka.

"Baba Zai, mama anauliza, hii posho na maharage ya elfu thelathini na tano, hawa watu hawakusoma bweni?"

Posho kwao ni ugali, na ugali kwa maharage ndicho chakula cha bweni. Nikamwambia amweleze mama ale tu.

"Anasema parachichi kwake zinaoza chini ya mti, mbuzi wamezikinai. Hapa wamelitafuna kabla ya kumletea."

Nilikuwa na hotuba nzuri kabisa. Nilitaka kumwambia kwamba mahindi yenyewe ni ya huko Meksiko, watu wa huko walianza kuyalima yapata miaka 9,000 iliyopita, na kwamba parachichi na pilipili nazo asili yake ni bara hilohilo, kwa hiyo shamba lake lote la Masaka ni tawi la mkahawa huu. Lakini hotuba utaitoaje na mkwe umempa kisogo?

Shemeji yeye hakuwa na neno. Ni dereva wa trela, Mombasa–Kampala, Kiswahili chake kimeokotwa Malaba na Mariakani. Aliinua burito yake, akaizungusha kama anakagua tairi.

"Shemeji, hii ni ile rolex yetu ya mayai. Chapati imeviringwa, ndani kuna vitu. Ni rolex tu, ila imepata viza."

Pembeni ya sahani zetu palikuwa na kisosi, na ndani yake pilipili moja ya rangi ya chungwa, imebabuliwa motoni, imekaa peke yake kama mshtakiwa. Habanero. Mhudumu alituonya kwa heshima. Shemeji naye akasema, "Hiyo kamulali wachana nayo. Si ya watu."

Sasa, mtu wa Tanga umwambie pilipili si ya watu! Sisi tumelelewa kwa muhogo wa kukaanga na pilipili mbuzi, nayo hiyo mbuzi ukiitazama ni ndugu wa damu wa habanero. Shemeji akaweka noti ya elfu ishirini mezani. Nikaishika ile pilipili, nikaipasua kwa vidole, nikatoa mbegu kwa kucha moja moja, nikaiponda vizuri juu ya taco yangu kama nilivyomwona bibi yangu akifanya. Nikala. Jasho lilinitoka, pua ikachuruzika, masikio yakaziba, lakini nikala nikamaliza. Noti nikaitia mfukoni. Nikashushia bilauri mbili za juisi ya pasheni.

Juisi ndiyo iliyoniponza.

Nikaenda msalani. Nikasimama wanaposimama wanaume, nikafanya kilichonipeleka. Nikanawa mikono kwa sabuni, vizuri sana, baada ya shughuli. Mama yangu alinifunza kunawa baada. Kunawa kabla hakuna aliyewahi kunifunza.

Mwanzo ilikuwa kama joto tu. Nikawa najitazama kwenye kioo, natengeneza kola. Halafu joto likawa na nia. Halafu, wallahi, nikashika ukingo wa sinki kwa mikono miwili.

Wahenga waliuliza: pilipili usiyoila yakuwashiani? Walidhani wameuliza swali lisilo na jibu. Mimi ninalo.

Nikajimwagia maji. Hilo lilikuwa kosa la pili. Usiku ule, nimelala chali mbele ya feni kama samaki wa kuanikwa, nilisoma kwamba ukali wa pilipili, kapsaisini, hauyeyuki vizuri kwenye maji. Unataka mafuta, au maziwa. Maji yanausambaza tu. Nikasoma pia kwamba mfamasia mmoja wa Marekani, Wilbur Scoville, alibuni kipimo chake mwaka 1912, na habanero huanzia kama 100,000 kwenda juu, wakati ile halapenyo ya kwenye pitsa haifiki hata 10,000. Alipima kwa ndimi za watu. Kwa ndimi! Angenialika mimi.

Maziwa niliyakumbuka mwenyewe, ya wakati tukiwa watoto tumekula pilipili kwa ubishi. Nikafungua mlango kidogo, nikamwita mhudumu. "Ndugu, maziwa. Haraka."

"Sawa ssebo."

Nilisubiri kwa kuruka. Akagonga. Nikatoa mkono nje ya mlango kupokea, nikaungua vidole. Kikombe kinafuka moshi.

"Ya baridi yameisha, ssebo. Nimekuletea African tea. Ina maziwa mengi sana. Na tangawizi nimekuongezea."

Nilikitazama kile kikombe kwa muda mrefu kuliko ilivyostahili.

Nikampigia shemeji simu. Dereva wa trela ana sifa moja: ukimwambia umekwama, haulizi ulifikaje hapo. Alisema, "Pale kuna ile krimu nyeupe, nakuja." Dakika haikupita, bakuli ndogo ya krimu chachu ikapenya mlangoni. Nisimalizie maelezo. Itoshe kusema krimu ni kitu chema, na waliobuni kuila pamoja na pilipili walijua walichokuwa wanafanya.

Nikatoka. Moto ulikuwa umepungua lakini haukuwa umekwisha, na magoti yalikuwa bado hayajapata habari. Nikawa natembea miguu imeachana, mikono inatetemeka, machozi yananibubujika. Ili kufika kwenye kiti changu ilibidi nipite mbele ya dirisha. Mama mkwe akaniona.

Akajifunika uso kwa kitambaa, akapiga ukelele mmoja mfupi. Nilisikia neno moja tu.

Obuko.

Basi ikawa ni simu za Masaka. Shangazi wa huku, mzee wa ukoo wa kule, nani ana dawa, nani alikaa karibu na nani. Mke wangu ananitazama kwa macho ya kusihi: Baba Zai, sema ukweli. Ukweli upi? Nimwambie mama mkwe, kwa kupitia kwa binti yake, mbele ya meza sita za watu waliostaarabika, pilipili imeniingia wapi? Nikaona heri obuko. Obuko angalau ina heshima.

Mgonjwa wa obuko hawezi kupanda gari moja na mkwe wake. Nikapakiwa kwenye bodaboda. Kutoka Kisementi mpaka Ntinda kwa pikipiki, nimekaa kwa upande kama bibi harusi, na mashimo ya Kampala mnayajua. Mwaka 2023 watu waliyafanyia maonyesho mtandaoni kwa picha. Mimi niliyafanyia ziara.

Tumefika Bukoto, simu ikalia. Mke wangu, kutoka kwenye gari.

"Unaendeleaje?"

"Nipo."

"Mama anauliza jambo. Anasema ile bakuli yake ya maziwa yaliyochacha aliisogeza pembeni, alishachovya humo mara moja tu akaikataa. Shemeji yako akaichukua. Anataka kujua aliipeleka wapi."

Nyuma ya sauti yake nikamsikia shemeji anakohoa. Alikohoa mpaka nikakata simu.

Nikautazama mkono wangu. Ulikuwa bado unatetemeka.