Mhandisi anyamaze kwanza

Kila nikiwapa wanafunzi wa uhandisi kazi ya kusanifu kifaa, kalamu huanza kukimbia kabla sijamaliza kusema kifaa ni cha nani. Siwalaumu. Ndivyo tulivyowalea: swali, jibu, alama.

Safari moja walitengeneza kipima presha cha nyumbani, tukamwalika mama mmoja mtu mzima akijaribu. Sharti kwa wanafunzi lilikuwa moja: mikono nyuma, midomo ifungwe. Mama akaugeuzageuza mkanda, akatafuta kitufe asikione, akakisogeza kioo mbali na macho. Mwanafunzi aliyekisanifu akashindwa kuvumilia: "Bonyeza hapo pembeni, mama." Nikalisimamisha zoezi. Maneno hayo ndiyo kasoro ya kifaa chako, nikamwambia. Nyumbani kwake hutakuwepo kuyasema.

Wapo wanaoshikilia kwamba kumjali mtumiaji ni malezi, hakufundishiki darasani. Sikubaliani nao hata kidogo. Kutazama kunafundishika, maana ni kupima, na kunastahili alama sawa na hesabu za saketi.

Kati ya 1985 na 1987, mashine ya tiba ya mionzi iitwayo Therac-25 iliwazidishia dozi wagonjwa sita Marekani na Kanada, na baadhi yao wakafa. Programu ilikuwa na makosa, ni kweli. Lakini pia kioo kilitoa neno la hitilafu na namba tu, kama 54, bila kumwambia mwendeshaji kuna hatari gani, na herufi P ilitosha kuendelea. Jumbe za namna hiyo zilijitokeza mara nyingi mno hata waendeshaji wakazizoea. Kaa kwenye kiti kile kutwa, foleni ya wagonjwa nje, mashine inalalamika tena na tena. Nani asingebonyeza P?

Walimu wengine huwafunga wanafunzi vitambaa vya macho kwa saa moja, ili waonje maisha ya asiyeona. Mimi nina wasiwasi na hilo. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na saa moja gizani humfunza mtu woga, si ustadi wa aliyeishi miaka bila kuona. Afadhali wamwendee mwenyewe, wakae, watazame.

Wiki iliyofuata kitufe kilikuwa kimehamia mbele na mkanda una mshale. Mama akaufunga sawasawa mara ya kwanza. Kisha kipimo kikiendelea akaanza kutusimulia habari za wajukuu zake, na kuongea hupandisha presha. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amelifikiria hilo.